Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Tunayoyafungulia Horini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, nami sitaki kumkata kauli. Kwa ufupi: mwatiko, samaki tunaowafuga vidimbwini, waliuzika, deni la mtumbwi tumelimaliza, na vijana kadhaa wa Jomvu wamejiunga nasi. Iliyobaki ni habari moja tu, na si ya kujisifu.

Katika mkutano kama huu mwaka jana nililalamika sana juu ya maji taka yanayoteremka kutoka mtaa wa Mikindani hadi hori ya Tudor, huu mkono wa bahari wa Mombasa. Lalamiko lile silifuti. Lakini uchafu uliotuumiza mwaka huu ulitoka kwetu wenyewe.

Mnakumbuka tulipokivua kidimbwi kikubwa. Mnunuzi aliwataka samaki kabla ya Idi, nikaamuru mlango wa maji ufunguliwe siku ile ile, na bahari iko kwenye maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Uamuzi ulikuwa wangu. Mwanzo yalitoka maji ya kijani, ya kawaida. Mwisho likaja lililokuwa limelala chini: tope jeusi, zito kama uji wa ulezi, pumba za miezi mingi zilizochanganyika na mavi ya samaki. Maji mafu hayana nguvu ya kusomba kitu. Tope likatulia pale pale, chini ya michu, ile mikoko iliyo kando ya mfereji wetu.

Siku ya pili asubuhi mmoja wa akina mama wanaookota chaza aliniita nikaone. Harufu ilikuwa ya yai viza. Vile vikaa vidogo ambavyo ukikohoa tu vimeshapotelea mashimoni, vilikuwa vimepanda juu ya mizizi, vimeng'ang'ania, na hata kivuli changu hakikuvishtua. Mdiria anayekaa kwenye nguzo ya mlango wetu kila siku sikumwona. Baada ya miezi miwili, majani ya michu iliyo karibu na mfereji yalikuwa ya manjano.

Sababu yake si fumbo. Samaki hamalizi chakula anachotupiwa, na hata anachokimeza, naitrojeni nyingi iliyomo huirudisha majini. Vijidudu vinavyoozesha mabaki hayo huitumia oksijeni yote, ndiyo maana kaa wakakimbilia juu. Mchu nao hupumua kwa vijiti vinavyochomoza topeni. Ukivifukia, umemziba pua. Naitrojeni hiyo ni mbolea, na inayofika mbali zaidi huotesha utando wa kijani unaozinyima mwanga nyasi za bahari, na nyasi hizo ndizo malisho ya tafi na maficho ya kamba wachanga. Basi mvuvi wa dema akituuliza samaki wake wamekwenda wapi, tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole Mikindani.

Kuna waliopendekeza tukate mikoko kidogo tuongeze vidimbwi. Nimekataa, na naomba kumbukumbu za mkutano zioneshe hivyo. Mikoko ya pwani hii ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932, si kiwanja cha mtu. Na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, si mbali: katika miaka ya 1980 mikoko ilikatwa kupisha vidimbwi vya kamba, mradi ukasimama, wenyeji wakaachiwa ardhi tupu. Waliopanda miche kwenye hori ya Port Reitz, hapa hapa Mombasa, baada ya mafuta kumwagika mwaka 2005 watawaambia kazi ya kuurudisha msitu wa mikoko ilivyo.

Kamati imekubaliana hivi. Chakula kitatolewa kwa sinia lililozamishwa, na mlishaji atalitazama kabla ya kuongeza. Kikibaki, basi samaki wameshiba, hata kama ratiba inasema vingine. Wakati wa kuvua, fungu la mwisho la maji, kama sehemu moja kati ya tano, halitafunguliwa horini kamwe. Hilo ndilo linalobeba tope jingi. Litaelekezwa kwenye kidimbwi cha kutuamishia, likae siku kadhaa, kisha maji ya juu yaliyotakata ndiyo yaachiliwe. Tope tutalikausha tutengenezee kingo. Mzee mmoja alitaka alipeleke shambani kwake. Nilimkumbusha kwamba lina chumvi, mahindi yake yangeungua. Na tarehe ya kuvua haitapangwa na mnunuzi, wala na mwenyekiti peke yake.

Tope lililolala chini ya michu tumelizoa kwa mikono, polepole, ili tusivunje vijiti. Baadhi ya miti imechipua. Mitatu imekufa.

Kidimbwi cha kutuamishia tunaanza kukichimba Jumamosi hii, maji yakipwa. Majembe yapo ya kutosha. Gambuti ni chache, mwenye zake aje nazo.

Mwenyekiti wenu