Hamadi, usije na bamvua

Hamadi ndugu yangu,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo. Bi Kheri anakusalimu na anauliza habari za lile deni, mimi simo. Ujumbe wako umefika, kwamba umechukua likizo ya wiki moja Septemba ili mwezi mpevu ukukute Jambiani, huku kwetu mashariki mwa Unguja, na ubao wako wa kutelezea mawimbi, "maji yakiwa mengi". Naandika mbio kabla hujalipa nauli. Mwezi wa kuja umepatia, siku ndizo umekosea.

Septemba sina ugomvi nayo. Kusi, upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti, ina mawimbi makubwa zaidi, lakini upepo wake huyavuruga tangu asubuhi. Septemba umepungua na mawimbi bado yapo. Kaskazi, upepo wa kaskazini wa Desemba hadi Machi, tuwaachie wenye matiara, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji.

Sasa hiyo bamvua yako, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana. Upande wetu wa mashariki, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi. Piga hesabu mwenyewe. Alfajiri ni giza. Asubuhi, upepo ukiwa mdogo, mwamba uko nje na kina mama wako kwenye mwani. Alasiri maji yamejaa, lakini kusi nayo imeshapamba moto na inapiga kutoka bahari kuu, na wimbi linapita juu ya mwamba bila kuvunjika vizuri. Kina kinachofaa ni cha katikati, na bamvua haikai katikati: maji hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita, na nusu yake hupanda katika saa ya tatu na ya nne tu. Hujamaliza kupaka nta, wakati umepita.

Njoo na maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Mwezi ukiwa wa siku nane au tisa, au ishirini na mbili, ishirini na tatu; hesabu mwezi wa kuandama, si kalenda ya ukutani. Siku hizo maji hujaa kama saa nne asubuhi na hupanda kama mita 1 tu, kwa hiyo kina hakibadiliki upesi. Ingia saa moja, umande, ule upepo mwepesi wa asubuhi, ukiwa bado unatoka nchi kavu na kulainisha uso wa wimbi, ukae mpaka saa tano.

Mcha atakwambia maji mafu hayana nguvu. Msikilize kwa mambo ya pweza. Nguvu ya wimbi haitoki kwenye kujaa kwa maji, inatoka kwenye upepo wa mbali huko baharini. Na mawimbi marefu ya kusini kabisa Madagaska imeyakinga, yanayotufikia ni mafupi, yanafuatana upesi. Ndiyo maana ule ubao wako mwembamba uuache kabatini. Lete mnene na mpana, ule unaouonea haya.

Mlango wa mwamba, ule mwanya maji yanamopita, ndio unaonitia wasiwasi, na hapo pia bamvua ndiyo mbaya. Maji yote yaliyoruka mwamba, yakianza kutoka, hutafuta mlango kwa pamoja na kukutoa nje. Ukichukuliwa usipigane nayo. Kata kwa ubavu kuelekea pale wimbi linapovunjika, likurudishe ndani. Nahodha Haji atie nanga pembeni ya mlango, si katikati yake. Kwa miguu usijaribu, mwamba uko mbali, sehemu nyingi zaidi ya kilometa 1, na njiani kuna vigingi na kamba za mwani. Kamba ikinasa pezi la ubao umeharibu kazi ya mtu, utalipa. Viatu vya mpira, kwa sababu ya ile miiba myeusi ya wanyama wa baharini. Nta iwe ngumu, ya bahari yenye joto. Ile ya kwenu itayeyuka ufukweni. Na fulana ya mikono mirefu, nilitaka kusahau.

Je, likizo inasogezeka kwa wiki moja, au bosi wako ni yule yule? Unakuja peke yako au na Salum? Ameshajua kuogelea, au bado anasema atajifunza? Kamba ya mguu, ya kukufunga na ubao, umebadilisha, au ni ile uliyoifunga kwa utepe? Na Bi Kheri nimjibu nini?

Wako,
Makame