Hekaluni hakuna makuhani peke yao

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mlitoa makala kuhusu kazi za kurithishana katika mahekalu ya Kihindu. Mwandishi wenu anataka urithi huo ufutwe wote, kwa hoja kwamba ni Wabrahmini, tabaka la makuhani, waliojimilikisha mlango wa Mungu. Kwa upande wa ukuhani naungana naye. Kwa hilo neno "wote", hapana.

Nilisoma miaka minne Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Puri, penye hekalu la mungu Jagannath, si mbali na hapo. Ndani sikuingia, maana asiye Mhindu haruhusiwi. Lakini mwenzangu wa darasani alizaliwa katika familia ya suara, wapishi wa hekalu, na kwao nilikuwa kama mtoto wa nyumbani. Baba yake alikuwa na sugu begani, ngumu kama kisigino. Ni sugu ya mzega, kwa sababu chakula cha mungu hubebwa hivyo, vyungu vya udongo vikining'inia huku na huku. Hupikwa kwa kuni, vyungu vikiwa vimepandanishwa, bila kitunguu wala kitunguu saumu, bila viazi wala nyanya. Kikishatolewa mbele ya mungu huitwa mahaprasad, na mila ya Puri ni kwamba hapo tabaka halina nafasi: Mbrahmini na asiye Mbrahmini hula chungu kimoja. Mimi nilikula wali huo juu ya jani la mgomba, nimeketi sakafuni na yule mzee, akinisukumia dengu kwa mkono wake.

Mzee yule si kuhani. Watumishi wa Puri kwa desturi huhesabiwa makundi 36, na kila familia ina zamu yake. Yuko anayewaamsha miungu, Jagannath na nduguze wawili, asubuhi, yuko anayewavisha, wako mafundi seremala wanaounda upya magari matatu makubwa ya miti kila mwaka kwa ajili ya Rath Yatra, sikukuu ya kuwatembeza miungu kwa magari. La Jagannath lina magurudumu 16. Hata mfalme wa Puri, Gajapati, ana kazi yake ya kurithi: siku ya sikukuu hufagia magari hayo kwa ufagio wa mpini wa dhahabu, umati ukitazama.

Na wako Daita, ambao mwandishi wenu angewajua asingeandika alivyoandika. Hawa hujihesabu kuwa kizazi cha Viswavasu, mkuu wa Wasavara, watu wa msituni ambao, kwa masimulizi ya Puri, ndio waliomwabudu mungu huyu kwanza. Baada ya sikukuu ya kuoga, miungu husemwa kuwa imeugua, na kwa muda wa kama wiki mbili Daita ndio wanaoiuguza. Sanamu za miti zinapobadilishwa, kama ilivyofanyika mwaka 2015, wao ndio wanaohamisha kitu cha siri kinachokaa ndani yake kutoka sanamu ya zamani kwenda mpya, kwa desturi usiku, macho yamefungwa na mikono imeviringishwa nguo. Ukifuta urithi wote kwa kalamu moja, unawanyang'anya watu wa msitu heshima ambayo Wabrahmini wenyewe wameikubali karne na karne.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ufundi wa aina hii hushika mwilini, tangu utotoni. Kusimama mbele ya sanamu na kusoma mantra ni jambo jingine, linafundishika darasani. Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, waliondoa haki ya kurithi ukuhani kwa sheria ya 1970, na Mahakama ya Juu ya India ikaikubali mwaka 1972. Ilichukua karibu nusu karne zaidi hadi Agosti 2021, serikali ya jimbo hilo ilipowapa barua za kazi makuhani waliofunzwa kutoka matabaka mbalimbali. Niliifurahia habari ile. Vilevile sikatai kwamba Puri kuna maovu: mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ililazimika kuagiza watumishi wasichukue sadaka moja kwa moja mikononi mwa mahujaji. Lakini mtu anayeishi kwa zamu chache kwa mwaka bila mshahara wa kueleweka atageukia mfuko wa hujaji. Walipwe vizuri kwanza, ndipo wabanwe.

Kilichoniuma zaidi katika makala yenu ni kwamba wanawake hawakutajwa kabisa. Puri ilikuwa na walioitwa "mahari" (neno la huko, si mahari ya ndoa), wanawake waliowekwa wakfu kwa mungu kama wake zake, waliocheza na kumwimbia wakati wa kulala. Ngoma ya Odissi inayosifiwa leo majukwaani imechota kwao. Walivunjiwa heshima, wakaitwa malaya, wakazeeka katika umaskini. Sashimani Devi, mmoja wa wale wa mwisho kati yao, alifariki Machi 2015, na hakuna aliyeshika zamu yake.

Sitaki msichana mdogo aozwe kwa sanamu tena. Hilo lilikufa na life. Nyimbo hazikuwa na kosa. Wako wanawake wazima waliojifunza Odissi na wangependa kuimba pale usiku kwa hiari yao, kwa mshahara, na majina yao yaandikwe katika daftari la watumishi kama wapishi na maseremala. Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba aanzie hapo.

Msomaji wenu,
Tanga