Muhogo ukipukutisha majani si lazima uwe mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Septemba mwaka jana jirani yangu hapa Kasulu aling'oa muhogo wake wa mlimani kwa kuwa ulikuwa umepukutisha majani. Akauacha wa bondeni, uliokuwa kijani kweli kweli, na mvua zilipoanza akatugawia mbegu, yaani vipingili vya shina, kutoka huko. Nilibeba mizigo miwili. Juzi nimeanza kuvuna: mzizi kwa nje hauna neno, ukiupasua una mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Hata udaga, ule muhogo wa kuvundikwa na kukaushwa, haufai.

Simlaumu jirani. Sote tuliangalia majani tu.

Muhogo ukikosa maji hufunga vitundu vya majani ili unyevu usitoke, kisha huangusha majani ya chini na kubaki na kishungi juu. Unajibana, kama mwenye debe moja la unga na mavuno bado yako mbali. Mvua zikirudi huchota wanga wa mizizini ili uchipue, ndiyo maana muhogo wa mvua za kwanza huwa majimaji. Mama zetu hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia hilo. Ule wa bondeni ulikuwa kijani kwa sababu ya maji, si kwa sababu ya afya.

Ugonjwa wa batobato angalau unaonekana, majani hujikunja na kuwa na madoa ya njano. Michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioharibu mizizi yangu, ndiyo yenye hila. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa pwani. Majani yaliyokomaa huwa na manjano kandokando ya mishipa, na kiangazi yakishadondoka, ushahidi umekwenda nayo. Inzi mweupe hueneza virusi vyake shambani, lakini havikai kwake muda mrefu. Wa kuvipeleka mbali ni sisi, na mizigo yetu ya mbegu juu ya baiskeli.

Ombi langu kwa maofisa ugani: kabla mbegu haijatoka shambani, ing'olewe mihogo kadhaa kutoka pembe zote, mizizi ipasuliwe mbele ya wanaoichukua. Nawe Mhariri, utakapochapisha tena picha ya muhogo mgonjwa, tuwekee na ya mzizi uliokatwa.

Mkulima,
Kasulu, Kigoma