Shanga zikitoka nje, kazi bado ni yetu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tujibu hoja inayozuka huku Kusini kila maonyesho yanapokaribia: eti kazi za shanga si za asili kwa kuwa shanga zenyewe huagizwa nje. Hoja hiyo inawafungia nje ya mabanda ya utamaduni watungaji wa Mtwara na Lindi, na sisi hatuikubali hata kidogo.

Wako Waye'kuana, wakazi wa misitu ya mito Orinoco, Caura na Ventuari huko Venezuela, na wengine Brazili. Kioo hawatengenezi. Wazee wao walipiga makasia hadi pwani ya Guyana kufanya biashara na Waholanzi, na bidhaa za Ulaya zikawafikia kwa njia hiyo. Lakini kile kivazi cha shanga ambacho wanawake wao hujifunga kiunoni kufunika mbele ni kazi ya mikono na akili zao. Kijiti hupindwa kikawa upinde, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hufungwa humo, kisha shanga huingia kwa hesabu pamoja na mshindio, yaani uzi unaozikata kwa mapana. Ukikosea ushanga mmoja, mchoro wote unahama. Michoro hiyo ina undugu na ile ya vikapu vinavyosukwa na wanaume, yenye vyura, nyoka na nyani, na yenye kubeba masimulizi ya muumba wao Wanadi na hasimu wake Odosha. Nani atasema huo ni utamaduni wa Waholanzi?

Kwetu je? Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua shanga nyingi za kioo zilizoletwa na majahazi kutoka ng'ambo ya bahari. Mwali anayevishwa utunda, yaani shanga za kiunoni, leo havishwi kitu kigeni.

Kinachostahili kupimwa ni kazi, na hapo tuwe wakali kweli. Kiuno cha sentimita 90, kwa shanga za unene wa milimita 2, kinakula shanga 450 kwa mstari mmoja. Mistari 5 ni shanga 2,250, zote zimechambuliwa kwa mkono. Uchambuzi wenyewe ndio unaorukwa. Ushanga mmoja mnene katika kazi ya kufuma husukuma jirani zake, na mstari unapinda. Uzi ukivutwa mno, kingo zinajikunja. Ukilegezwa, unachungulia katikati ya shanga.

Utunda mwingi unakatika kwa sababu ya uzi. Pamba huoza kwa jasho na mafuta ya nazi. Mshipi wa kuvulia hauozi, ila ni mkavu: fundo lake hufunguka lenyewe, na tundu lenye makali huukata taratibu. Tumieni nailoni iliyosokotwa, ipite mara 2, kisha ncha irudishwe ndani ya shanga 5 au 6 kabla ya kukatwa. Kuhusu rangi, lowekeni shanga chache usiku kucha katika maji ya chumvi, kisha zisugueni kwa kitambaa cheupe. Kikichafuka, msinunue, maana rangi hiyo itaishia kwenye ngozi ya mtu.

Waandaaji wa Nane Nane pale Ngongo, Lindi, tunawaomba watenge meza ya kutungia na kufumia shanga hadharani, na waamuzi wageuze kila kazi waangalie mafundo ya nyuma kabla ya kutoa alama.

Watunga shanga,
Mikindani, Mtwara