Kabla Hujalipia Subaru STI ya Mtu: Tunachokagua Gereji na Namna ya Kuuziana kwa Usalama

Simu tunayoipokea mara nyingi zaidi katika gereji yetu ya Nairobi ni ya mtu aliyeona Subaru Impreza WRX STI mtandaoni. Bei ameipenda, mwenye gari anataka wamalizane kesho, naye anaomba tulitazame jioni hiyo hiyo. Jibu letu halibadiliki: tutalikagua, ila si jioni, si likiwa limetoka barabarani moja kwa moja, wala si kwa nusu saa. Haya tunayoyaeleza yanamhusu muuzaji sawasawa na mnunuzi, kwa sababu gari la aina hii likiuzwa na mtu binafsi, bila yadi na bila dhamana, mzozo wowote utakaozuka baadaye utawahusu wao wawili tu.

Ni vyema kwanza kuelewa soko lilivyo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 8 iliyopita, na kwa hiyo STI za modeli za GDB, GRB na GVB, ambazo vijana wengi huziota, haziwezi tena kuagizwa kutoka Japani. Injini ya magari hayo, EJ20, iliyoanza kutumika mwaka 1989 katika Legacy, ilifikia mwisho wake kwa toleo la magari 555 tu lililotangazwa na Subaru mwaka 2019. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili, kwa upande mwingine, hayajapungua tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akafuata mwaka 2000. Matokeo yake ni kwamba STI nyingi zinazouzwa leo zimekwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne humu humu nchini, na kila mmoja wao aliliendesha kwa namna yake, akalifungia vipuri vyake na kulipeleka kwa fundi wake.

Swali la kwanza, kabla hata ya boneti kufunguliwa, ni kama gari hilo ni STI kweli. Hili linawashangaza wateja wengi, lakini nembo ya waridi huuzwa dukani, na boneti yenye tundu la hewa pamoja na bawa la nyuma hupatikana Kirinyaga Road kwa yeyote mwenye pesa. Kisichobandikwa kirahisi ni nambari ya chesisi. Katika magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, nambari hiyo huanza kwa herufi za modeli: GDB ni STI, ilhali GDA ni WRX ya kawaida, GRB ni STI ya milango mitano, ilhali GH8 ni Impreza S-GT, ambayo ina turbo lakini si STI, VAB ni STI, ilhali VAG ni WRX S4, yenye injini tofauti kabisa ya FA20 na gia otomatiki ya CVT. Kuna pia GRF na GVF, ambazo ni STI za injini ya lita 2.5 na gia otomatiki, magari mazuri ya kwenda kazini, ambayo hata hivyo hayapaswi kuuzwa kwa bei ya lile la gia sita za mkono na Brembo za mbele na nyuma. Linganisha herufi zilizogongwa kwenye bodi na zile zilizo kwenye kibati cha kiwandani, kisha na zilizoandikwa kwenye logbuku. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usiendelee na mazungumzo ya bei mpaka upate maelezo ya maandishi.

Nyaraka za Japani zina faida yake, ingawa si kubwa kama wauzaji wanavyodai. Karatasi ya mnada itakuonyesha kama gari lilipewa daraja la R au RA, maana yake liligongwa likatengenezwa, na cheti cha usafirishaji huonyesha kilomita zilizosomwa Japani, kwa hiyo ni rahisi kugundua kama mita ilirudishwa nyuma bandarini au baadaye. Lakini karatasi hizo husema hali ya gari siku lilipoondoka Japani. Miaka saba ya Nairobi haimo ndani yake, na kwa injini hii miaka hiyo ndiyo yenye uzito.

Tukija kwenye injini, hapa ndipo tunapotumia muda mwingi. EJ ya turbo ni injini imara ikitunzwa, lakini haina huruma kwa aliyezembea kubadilisha oili au aliyeongeza nguvu bila hesabu. Kasoro zake kubwa zinajulikana: bearingi za koneti rodi huisha na injini ikanoki, kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, hasa katika EJ25, ile ya lita 2.5, na hasa silinda ya nne, bomba la kufyonza oili chini ya sampu hupasuka, na vichujio vidogo ndani ya boliti za mabomba ya oili huziba, turbo ikakosa oili. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana ukizunguka gari umeshika simu mkononi.

Ndiyo maana tunataka injini iwe baridi kabisa. Ikiwashwa asubuhi, tunasikiliza: mlio mkavu wa pistoni unaopungua kadiri injini inavyopata joto unaweza kuvumilika, ilhali mlio mzito wa kugonga unaobaki au kuongezeka injini ikiwa na joto na ukikanyaga mafuta kidogo ni dalili ya bearingi. Mwuzaji anayelitia gari moto kabla hujafika, ama anayekuambia kwamba amelizungusha kidogo tu ili betri ipate chaji, ameshakunyima jaribio la thamani kuliko yote, na sisi humwomba aliache lilale mpaka kesho yake.

Baada ya hapo huja kipimo cha kompresheni, na hapa injini ya EJ humtesa fundi, kwa kuwa plagi zake zimelala ubavuni, zikitazamana na chuma cha chesisi kwa nafasi isiyotosha mkono mnene. Fundi huondoa betri upande mmoja na kasha la chujio la hewa upande wa pili, akaunganisha vipande vya spana vifupi kimoja baada ya kingine, na kila plagi inayotoka huwekwa juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda yake. Plagi tatu zenye rangi ya kahawia hafifu na ya nne iliyolowa oili zinatosha kueleza mengi kabla geji haijafungwa.

Kuhusu namba za geji, tunawaomba wateja wasizilinganishe na zile wanazozisoma kwenye vitabu vya watu wanaoishi pwani au usawa wa bahari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu, ambapo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18, na kompresheni ya injini nzima kabisa itasoma chini kwa kadiri hiyo. Tumewahi kuona mnunuzi akikimbia gari zuri kwa sababu hiyo peke yake. Tunachotafuta ni usawa: silinda zote nne zikiwa karibu sawa, hatuna wasiwasi, moja ikiachwa nyuma na wenzake, tunaingiza hewa ya kompresa ndani yake na kusikiliza inatorokea wapi. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ringi au pistoni imekwisha. Ikisikika kwenye eksozi, ni valvu. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi.

Kipimo kingine hakihitaji spana. Kompyuta ya injini husikiliza milipuko isiyo ya wakati wake ndani ya silinda, na ikiisikia mara kwa mara huanza kuchelewesha cheche ili kuilinda injini. Katika GRB na GVB, kumbukumbu hiyo huonekana kama thamani moja, iitwayo IAM, ambayo inapaswa kuwa 1. Tukiunganisha kompyuta yetu na kukuta 0.7, tunajua injini imekuwa ikilalamika, hata kama taa ya dashibodi haijawahi kuwaka. Muuzaji mjanja huchomoa betri usiku ili kumbukumbu ifutike, lakini kitendo hicho hicho hufuta pia majaribio ya ndani ambayo gari hujifanyia likiwa safarini. Tukikuta hayo yote hayajakamilika, tunauliza betri ilitolewa lini na kwa nini.

Chanzo cha malalamiko hayo mara nyingi ni mafuta na ramani ya kompyuta, yaani mpangilio unaoiongoza injini. EJ20 ya Japani, yenye farasi 308 katika miaka yake ya mwisho, ilipangiwa petroli ya oktani ya juu inayouzwa kule, na super ya kawaida ya vituo vyetu haifikii kiwango hicho. Gari lililoongezewa nguvu hapa kwa ramani iliyonakiliwa kutoka kwa gari jingine, bila kupimwa kwa mafuta yetu, limekuwa likijila taratibu. Kwa maoni yetu, STI ambayo haijaguswa kabisa ina thamani kuliko yenye vipuri vya laki nane visivyo na risiti, na mwenye vipuri hivyo asikasirike mnunuzi asipovilipia.

Bodi, breki na miguu tunavikagua kama vya gari lolote, isipokuwa kwa tairi: nne zote ziwe za aina moja na zimelika sawasawa, maana tairi mbili mpya na mbili kuukuu huichosha difrensha ya katikati, na difrensha hiyo si ya bei ya kuchezea. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000. Usio na risiti uhesabiwe kuwa haujabadilishwa.

Tahadhari moja kuhusu ripoti ya ukadiriaji wa thamani ambayo wauzaji wengi hujivunia. Ripoti hiyo hutolewa kwa ajili ya bima au benki, na aliyeiandika hakufungua plagi hata moja. Si ukaguzi wa kiufundi, na kuichukulia hivyo ni kukubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Upande wa sheria una mitego yake, na hapa muuzaji ndiye aliye hatarini zaidi. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lililouzwa halipaswi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila kuhamishiwa jina la mmiliki mpya. Ukimkabidhi kijana funguo za gari la farasi 300 kwa ahadi kwamba atahamisha jina mwisho wa mwezi, lolote atakalolifanya usiku ule Thika Road litaanza kutafutwa mlangoni kwako. Siku hizi uhamisho hufanyika kupitia akaunti za eCitizen katika mfumo wa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA: muuzaji huanzisha, mnunuzi akakubali kwa akaunti yake. Usimpe dalali nenosiri lako ili akusaidie, hata awe rafiki wa ndugu yako.

Mnunuzi naye atafute rekodi za gari kutoka NTSA kwa nambari ya usajili, ahakikishe jina ni la mtu aliye mbele yake, na aulize katika sajili ya rehani za mali inayohamishika, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2017, kama kuna mkopeshaji anayelidai gari hilo. Iwapo logbuku ina jina la benki pamoja na la mwenye gari, deni lilipwe benki moja kwa moja kutoka katika bei, na barua ya kuliachilia gari ipatikane kabla ya salio kumfikia muuzaji.

Malipo yenyewe hayawezi kupita kwenye M-Pesa kwa mkupuo, kwa kuwa muamala mmoja una kikomo cha shilingi 250,000, na hundi za zaidi ya shilingi milioni 1 hazipitishwi nchini. Kinachobaki ni RTGS, yaani kutuma fedha moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Tunawashauri wakutane benki siku ya kazi asubuhi, waweke sahihi mkataba mbele ya wakili, muuzaji aone fedha katika akaunti yake na si katika picha ya ujumbe wa simu, kisha uhamisho uanzishwe na kukubaliwa papo hapo kabla hawajaachana. Bima ya muuzaji haihami pamoja na gari, kwa hiyo mnunuzi awe na yake kabla ya kuondoka nalo.

Wakati wa kulijaribu gari, muuzaji akae kiti cha abiria, awe ameona leseni ya dereva na kuthibitisha na bima yake kwamba dereva mwingine analindwa. Logbuku halisi ibaki nyumbani. Mnunuzi hana haja ya kulikimbiza: gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,000 katika barabara tupu inatosha kuonyesha kama klachi inateleza na kama turbo inajaa bila kukohoa.

Ukitaka tukukagulie gari, lilete jioni ya siku iliyotangulia lilale kwetu, au mwombe muuzaji tulikute kwake asubuhi kabla ya kuwashwa. Lisiwe limeoshwa injini, kwa maana uvujaji wa oili hufutika kwa sabuni. Betri isichomolewe. Uje na nakala ya logbuku, karatasi ya mnada ikiwa ipo, na risiti zote za sevisi hata kama zimechafuka. Muuzaji anaweza kuagiza ukaguzi huo huo kwa jina lake na kumpa kila mnunuzi ripoti yake, mradi iwe na tarehe na kilomita za siku hiyo. Tutamthibitishia yeyote atakayetupigia simu kwamba ni yetu na kwamba haikupunguzwa ukurasa.