Barua kwa mdogo wangu: sado mbili za Jumamosi

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na kwenye kundi la ukoo ulijitoa usiku uleule wa kumaliza msiba wa Mama. Basi nakuandikia hapa, najua utapita kusoma. Wa nje wakisoma nao, potelea mbali.

Ulisimama mbele ya wazee, kofia mkononi, ukasema, "Mama alilishwa kwa sado, kama kuku." Watu wakatazama chini. Shangazi akaagiza chai haraka. Na ufunguo wa stoo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu, hatua kumi kutoka pale uliposimama.

Ni kweli, kila Jumamosi nilimnunulia Mama sado mbili, kile kipimo cha kopo. Hebu tuhesabu. Sado moja ya mahindi ni karibu kilo 3. Mbili ni kilo 6. Kwa Mama na wale watoto wawili, pamoja na ndizi za kihambani, shamba la nyumbani, hazikuwahi kuisha kabla ya Jumamosi nyingine. Wewe ulileta gunia 10, kilo 1,000. Kwa mwendo ule zingeliwa miaka mitatu na ushee. Nani hapa Kibosho amewahi kulaza mahindi miaka mitatu?

Najua Fuso uliilipia mwenyewe, na najua ule mkopo. Mama alikushukuru hadi machozi. Lakini ulinunua Julai, mahindi yametoka shamba za tambarare wiki hiyohiyo. Muuzaji hupenda yaondoke hivyo, maana maji nayo yana uzito kwenye mizani. Mahindi ya kuweka, unyevu usizidi asilimia 13, na kujua kama bado ni mabichi hakutaki mashine: chupa kavu ya kioo, mahindi theluthi yake, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kama dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, rudisha mahindi juani. Hukupima. Yakapandishwa mlimani kwenye ukungu ule ambao hata shuka hukauka siku ya tatu, yakapangwa juu ya saruji tupu, yakaegemezwa ukutani. Gunia za chini zikaanza kunuka uchachu kabla mwezi haujaisha. Za juu, zilizojikausha kidogo, akaingia mdudu dumuzi. Huyo humkosi: ukigusa gunia unamwagika unga, na punje zimebaki maganda. Si bure kwamba wakulima walimpa jina la Skania, lori, tangu alipoonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ungeuliza tu. Unaanika juu ya turubai, si chini, unene wa vidole viwili, unageuza mara kwa mara, unafunika kabla ya umande. Yakikauka, yatie mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Kila mmoja unaukamua hewa, unausokota shingo, unaukunja na kuufunga kwa kamba yake. Mdudu aliyemo hufa kwa kukosa hewa. Kisha juu ya mbao, mbali na ukuta. Ila mahindi mabichi ukiyafungia humo yanaozea humohumo. Mfuko hauponyi haraka ya mtu.

Siku Fuso ilipofika ulimwambia, "Mama, sasa ukisali iruke ile ya riziki." Akacheka, kwa sababu ni wewe. Jioni akasali yote: utupe leo riziki yetu. Halafu akachota unga kwa kile kikombe cha bati chenye pengo, akasawazisha kwa kiganja, akasema asante. Yeye asante yake ilikuwa kabla sufuria haijawekwa jikoni, unakumbuka? Anayechota kila siku anaona kilichobaki, na mdudu wa kwanza anamwona yeye. Kule jangwani Waisraeli walipimiwa mana pishi kwa kichwa, na iliyolazwa ikaingia mabuu. Siku ya sita wakaokota maradufu na haikuoza, kwa hiyo usiseme nahubiri dhidi ya akiba.

Wala usidhani gunia lilinishinda. Moja ningeweza, hata mawili. Rejareja pale sokoni Mbuyuni ni ghali kidogo, hilo nakubali. Lakini kilo 6 zangu zililiwa zote 6. Uharibifu niliuona Agosti, na Mama akaniambia, "Asijue, ataumia." Ndiyo maana nilinyamaza, hata siku ile mbele ya wazee. Au pengine nilitaka uje ufungue mlango mwenyewe. Sijui.

Zimebaki gunia mbili, zina ukungu wa kijani. Nimesikia umemwambia jirani azichukue kwa kuku wake. Usithubutu. Hiyo ni sumukuvu, sumu ya ukungu. Kupika hakuiondoi, na kuku nao huwadhuru. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kusaga hapana, kutengenezea pombe hapana. Tutachimba shimo chini kule, mbali na mfereji, tufukie. Uje na koleo, ufunge kitambaa puani, vumbi lake si zuri.

Ila usije Jumamosi asubuhi, nitakuwa Mbuyuni. Watoto bado wanakula sado mbili.

Dada yako