Katriji nyingi za printa zinatupwa zikiwa bado nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaotumia printa ndogo za wino majumbani, na hasa na wafanyabiashara wanaotuuzia mashine hizo. Kazi yangu ni ufundi wa printa hapa Morogoro. Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni kumwona mwalimu au mwanafunzi akinunua katriji mpya, yaani chombo cha wino cha printa, kwa fedha ya kubana matumizi, ilhali ile aliyoitupa ilikuwa imeziba tu, na hakuna aliyewahi kumweleza namna ya kutofautisha iliyoziba na iliyokufa.

Hapa kwetu chanzo kikubwa cha tatizo kipo kwenye swichi ya ukutani. Printa ya wino ikizimwa kwa kitufe chake yenyewe, hurudisha pembeni kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, na kukiziba kwa kifuniko cha mpira, ili hewa isikaushe wino kwenye vitundu vyake, ambavyo ni vyembamba kuliko unywele. Ikizimwa ukutani au kwenye ekstensheni, kama tunavyozima pasi, kichwa kinaweza kubaki njiani bila kufunikwa, na kwa joto na vumbi letu wino huganda humo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, matokeo ni yale yale. Kwa hiyo umeme unaporudi, iwashe printa hata kama huna cha kuchapa, iache imalize kunguruma, kisha izime kwa kitufe.

Katriji ikishaziba, mwenye printa ajue kwanza mashine yake ni ya aina gani. Printa nyingi za nyumbani za HP na Canon zinazotumia katriji mbili, moja ya wino mweusi na nyingine ya rangi tatu, zina kichwa cha kuchapia kwenye katriji yenyewe, chini kabisa, nacho huonekana kama kibati chembamba. Katika printa za Epson kichwa kimo ndani ya mashine, na katriji ni chombo cha kubebea wino tu, kwa hiyo kuisafisha katriji hiyo hakusaidii kitu.

Kwa zile za aina ya kwanza, kipimo chake ni rahisi, na hukifanya mbele ya mteja ili aone mwenyewe. Nakunja tishu mara kadhaa, nailowesha kidogo kwa maji ya chupa yenye uvuguvugu (maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi ni adui wa vitundu), kisha naiweka katriji juu yake, kibati kikiwa chini, kwa muda wa dakika moja hivi. Baada ya hapo naigandamiza taratibu kwenye tishu kavu. Katriji nyeusi iliyo hai huacha mstari mweusi uliokolea, na ya rangi huacha mistari mitatu iliyo kando kwa kando: samawati, waridi na njano. Mstari mmoja ukikosekana hata baada ya kurudia, rangi hiyo imekwisha au imeganda mno. Mistari yote ikitoka vizuri na bado printa inakataa kuitambua katriji, basi kwa kawaida uchafu uko kwenye vidoti vya rangi ya shaba vilivyo mgongoni mwake, navyo hufutwa kwa kitambaa kingine kisichoacha nyuzi, kamwe si kile kilichogusa wino. Nimeletewa pia katriji mpya kabisa ambayo kasoro yake ilikuwa utepe wa plastiki wa kiwandani ambao mwenyewe hakujua kwamba hubanduliwa.

Usafishaji unaofanywa na printa yenyewe kupitia kompyuta unafaa, lakini una gharama ambayo wengi hawaijui. Kila unapoamriwa, mashine hunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini yake, na wapo wanaoirudia amri hiyo mpaka wino mzima unaishia kwenye sponji bila kuchapa hata ukurasa mmoja. Ifanye mara moja au mbili, kisha iache printa ilale usiku kucha ili wino mpya upate muda wa kulainisha ule ulioganda, na ujaribu tena asubuhi.

Onyo la wino kupungua nalo lisichukuliwe kuwa hukumu. Katika printa nyingi kiwango kile kinatokana na hesabu ya matone yaliyokwisha kurushwa, wala hakuna kinachopima wino uliobaki, na kurasa nyingi zinaweza kuchapwa baada ya onyo. Hata hivyo, kwa zile katriji zenye kichwa, maandishi yakianza kufifia simamisha kazi mara moja. Kichwa hicho hurusha wino kwa kuuchemsha ghafla, na wino huohuo ndio unaokipoza. Kikifanya kazi kikavu huungua, na katriji iliyoungua haifufuliwi hata ikijazwa wino wa namna gani. Anayekusudia kujaza upya na ajaze mapema, tena kwa wino wa aina ileile, kwa sababu wino wa aina mbili ukichanganyika unaweza kuganda ndani ya sponji ya katriji.

Ndipo nafika kwa wafanyabiashara. Katriji nyingi za leo zina chipu, kidude cha kielektroniki ambacho printa hukisoma, na printa inaweza kuikataa katriji isiyotoka kwa mtengenezaji wake. Septemba 2016 watumiaji wa baadhi ya printa za HP katika nchi mbalimbali walikuta mashine zao zimeanza kukataa katriji za makampuni mengine ambazo zilikuwa zikifanya kazi vizuri, na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, kwa kuwa wanunuzi hawakuelezwa wazi juu ya vizuizi hivyo. Sisi nasi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, lakini katika maduka mengi niliyoingia sijasikia mteja akiambiwa neno lolote kuhusu chipu. Anaoneshwa bei ya printa, anaifurahia, na haambiwi kwamba katriji zinazokuja na mashine mara nyingi huwa na wino mdogo kuliko zile zitakazofuata, wala kwamba kwa mtu anayechapa mitihani kila wiki ingemfaa zaidi printa ya matangi, ambayo hujazwa kwa chupa, ijapokuwa bei yake ya kwanza ni kubwa.

Naomba basi kila anayeuza printa amweleze mnunuzi, kabla ya kupokea fedha yake, bei ya katriji ya kubadilisha, kama katriji hiyo inapatikana mjini hapo, na kama mashine inakubali katriji iliyojazwa upya. Maelezo hayo, pamoja na lile la kuizima printa kwa kitufe chake, yanaenea kwenye karatasi yenye ukubwa wa risiti, na yaandikwe kwa Kiswahili.

Fundi wa printa,
Morogoro